Mtoto anazidiwa na sauti, mguso na mwanga: namna ya kutafuta msaada huku imani yako ikiwa hai

Maswali ya wazazi wa watoto hawa ni yale yale kila siku. Nikimpeleka mtoto kwa mtaalamu ina maana sina imani? Hili ni pepo? Ni kosa langu? Mbona nyumbani katulia alafu tukifika kwenye ibada anapiga makelele mpaka watu wote wanageuka? Nimeona niyaweke majibu yote sehemu moja ili mzazi anayeanza leo asihangaike kuokota moja huku lingine kule. Mimi ni Mkristo na nitaongea kama Mkristo, ila mzazi mwenzangu Muislamu atakuta vya kwake humu pia manake hii tabu haichagui dini.

Ninachoamini ni hiki: kuomba na kumpeleka mtoto kliniki ni kazi mbili za mzazi mmoja, unaweza kuzifanya zote asubuhi moja, na mtoto kutulia au kutotulia hakupimi imani ya mtu yeyote.

Nadharia kidogo tu

Tulifundishwa milango mitano ya fahamu. Wataalamu wanaoshughulika na watoto hawa wanahesabu 8. Kuna ile mitano, alafu kuna hisi ya mizani iliyo ndani ya sikio (inamwambia mtoto kama amesimama, ameinama au anazunguka), hisi ya misuli na viungo (mkono wangu uko wapi, nitumie nguvu kiasi gani), na hisi ya ndani ya mwili (njaa, kiu, haja, moyo kwenda mbio). Kuna watoto ambao taarifa za hisi zinawafikia kwa ukali kupita kiasi, wengine zinawafikia hafifu, na wengi wana vyote viwili, yaani huyo huyo anayeziba masikio blenda ikiwashwa ndiye anayejirusha kwenye kochi kutwa nzima. Hapo hajagoma wala hana kiburi. Mwili wake unakimbia kinachomuumiza na unatafuta unachokikosa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari moja la mtoto tu, usichanganye na mahesabu ya nyumbani.
- Simu yenye nafasi ya kurekodi video fupi.
- Kadi ya kliniki ya mtoto, ripoti za zamani, na majina ya dawa zote anazotumia au alizowahi kutumia, pamoja na za mitishamba kama zipo.
- Mtu mzima mmoja wa kukushika mkono. Mwenzi wako, dada, mama mkwe, rafiki, yeyote asiyekuhukumu na anayeweza kukaa na mtoto wakati wewe unaongea na daktari.
- Makubaliano na huyo mtu kwamba hamtabishana kuhusu mtoto mbele ya mtoto. Mtoto asiyeongea anasikia. Hili naomba ulichukulie kwa uzito.

Hatua ya 1: Liweke chini swali la "kosa la nani"

Naanza na hili kwa sababu wazazi wengi wanakwama hapa miezi mingi. Wanafukua mimba ilivyokuwa, ugomvi wa ndoa, ahadi waliyoiweka kwa Mungu hawakuitimiza, dhambi ya babu, laana ya shangazi, na muda wote huo mtoto anaendelea kuumizwa na lebo ya shati.

Fungua Yohana sura ya 9. Wanafunzi wanamuona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza ni nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa yote mawili, alafu anaanza kumshughulikia yule mtu. Na wewe fuata mtiririko huo huo. Chukua daftari, ukurasa wa mwisho kabisa, andika maswali yako yote ya kwanini kama yalivyo, hata yale ya hasira, alafu funga. Hayajafutwa, utayapeleka kwenye maombi. Kurasa za mbele ni za maswali ya mwili: nini kinamuumiza, saa ngapi, nini kinamtuliza.

Angalizo: kama kuna mtu karibu yako anakurudisha kwenye kosa la nani kila mkikutana, mpunguzie taarifa. Sio lazima kila ndugu ajue kila kitu.

Hatua ya 2: Andika unachokiona, wiki mbili

Usiandike "leo alisumbua". Andika hivi: ilikuwa saa ngapi, tulikuwa wapi, nini kilitokea dakika chache kabla, alifanya nini hasa, ilichukua muda gani, nini kilimrudisha. Na andika pia siku nzuri, manake siku nzuri ina majibu mengi kuliko mbaya, utagundua kwa mfano kwamba siku aliyobebeshwa mizigo na kupanda ngazi alikula vizuri na akalala mapema.

Vya kuangalia:

Sauti: je anaziba masikio, anakimbia ukianza kupiga mswaki umeme au kuvuta maji chooni, au kinyume chake haitiki hata ukimuita karibu? Mguso: kukata kucha, kunyoa, kunawa uso, soksi, mchanga, gundi, kukumbatiwa. Angalia kama mguso mwepesi ndio unaomkera huku wa kubana ukimtuliza, hii ni taarifa ya dhahabu kwa mtaalamu. Mdomo: anachagua chakula kwa ugumu na ulaini wake, anatapika akiona kitu cha majimaji, au anatafuna kola ya shati mpaka inalowa. Mwanga na vitu vingi vya kuangalia. Harufu. Mwendo: anaogopa bembea na kuinamishwa kichwa wakati wa kuoshwa nywele, au anazunguka bila kuona kizunguzungu. Nguvu: anavunja penseli, anabamiza milango, anakumbatia wenzake mpaka wanalia. Ndani ya mwili: hajui kama ana haja mpaka imechelewa, hasemi njaa, akiumia halii.

Rekodi video mbili tatu fupi. Kliniki mtoto anaweza kukaa kama malaika na daktari akabaki anakushangaa wewe, video inaokoa mjadala wote huo. Ila usiisambaze kwa ndugu wala kwenye magrupu ya maombi, hata kama ni kwa nia njema. Siku moja huyu mtoto atakuwa mtu mzima.

Hatua ya 3: Daktari wa watoto kwanza

Kabla ya kufika kwa mtaalamu wa hisi (nitamueleza kwenye hatua ya 4), hakikisha tatizo la kawaida la mwili limeangaliwa. Omba kwa maneno haya: "Naomba mtoto apimwe usikivu, macho yaangaliwe, na masikio, koo na meno yachunguzwe." Usisite. Mtoto mwenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio anaweza kuonekana hasikii kwa makusudi. Jino bovu linaweza kuwa ndio sababu ya kukataa chakula. Choo kigumu cha muda mrefu kinamfanya mtoto awe mkali na asielewe tumbo lake. Uulizie pia kiwango cha madini ya chuma kwenye damu, hasa kama mtoto anachagua sana chakula, anakula udongo au halali kwa utulivu, manake chuma kikipungua usingizi na hali ya mtoto vyote vinaharibika.

Usisubiri foleni wala wiki mbili za daftari ukiona haya: mtoto aliyekuwa anaongea au anatembea vizuri ameanza kupoteza uwezo huo, anaganda macho yakiwa wazi na haitiki kabisa au anatetemeka, anapungua uzito, anapaliwa kila akila, au anajiumiza kichwa kwa kujigonga. Haya ni ya kwenda hospitali sasa hivi. Omba ukiwa njiani.

Na kwa mzazi anayesikia sauti ndani ikimwambia kwamba kwenda hospitali ni kumkosea Mungu: Luka aliyeandika Injili anaitwa tabibu mpendwa katika Wakolosai 4. Msamaria mwema alimimina mafuta na divai kwenye majeraha, alafu akampeleka mtu nyumba ya wageni na akalipia. Kwenye Uislamu kuna hadithi iliyopokelewa na Abu Dawud ambapo Mtume anawaambia watu watafute tiba kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa. Kwahiyo unaweza kuingia kwenye chumba cha daktari kichwa juu.

Hatua ya 4: Mtaalamu wa tiba kwa vitendo

Huyu ndiye ambaye hospitali nyingi wanamuita OT (kifupi cha Kiingereza, occupational therapist). Kazi yake ni kumsaidia mtoto aweze shughuli za kila siku: kula, kuvaa, kucheza, kuandika, kulala. Mawazo mengi anayotumia kuhusu hisi yalianzishwa na A. Jean Ayres wa Marekani, aliyekuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo na mwanasaikolojia, kwenye miaka ya 1960 na 1970.

Siku ya kwanza utajaza fomu ya maswali mengi, atacheza na mtoto huku anamuangalia, atakuuliza kuhusu siku nzima kuanzia kuamka. Mpe daftari lako. Mkimaliza muulize:

- Umeona nini kwa mtoto wangu, kwa lugha ya kawaida?
- Tunalenga nini hasa? (lengo liwe la kuonekana kwa macho, kama vile kuvaa soksi bila kulia au kukaa mezani dakika kumi)
- Nifanye nini nyumbani kila siku?
- Tutajuaje kama inasaidia, na tutakagua lini?

Swali la mwisho ni muhimu. Miezi miwili mitatu hivi bila badiliko lolote kwenye lengo mliloandika, kaeni chini mbadilishe mpango. Hapo nitasema wazi: utafiti kuhusu tiba hizi bado unabishaniwa, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2012 kiliwashauri wanachama wake wasitoe ugonjwa wa hisi kama jina la ugonjwa linalosimama peke yake, na wawaambie wazazi ukweli kwamba ushahidi ni mdogo. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 nao uliweka dalili za hisi ndani ya vigezo vya usonji (autism kwa Kiingereza), haukuzipa jina la peke yake. Maana yake kwako ni mbili. Moja, daktari akisema "huu sio ugonjwa wenye jina" hajasema mtoto wako anaigiza, tabu ipo. Mbili, omba mtoto aangaliwe kwa upana, usonji, ADHD (shida ya kutotulia na kukosa umakini), wasiwasi, kuchelewa kuongea, manake shida za hisi mara nyingi zinakuja na kitu kingine, japo wapo watoto wanaokuwa nazo bila hivyo.

Jina la usonji likitajwa utatetemeka. Lia kama unataka kulia. Mtoto uliyeingia naye ndani ndiye huyo huyo unayetoka naye.

Hatua ya 5: Anza nyumbani wakati unasubiri

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukibadilisha vitano hutajua kipi kimesaidia.

Kata lebo za nguo, geuza soksi nje ndani ili mshono usimguse. Mwambie kabla hujamgusa, mguse kwa kiganja kizima na kwa uthabiti badala ya ncha za vidole. Kata kucha baada ya kuoga zikiwa laini. Kabla ya jambo gumu mpe kazi nzito ya mwili: kusukuma kikapu cha nguo, kubeba maji kidogo, kuruka, kutambaa, kuning'inia. Tengeneza kona yake ya kutulia, shuka juu ya meza inatosha, na isiwe sehemu ya adhabu hata mara moja, ukishaifanya jela hataingia tena akihitaji.

Mgandamizo unawatuliza wengi. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama mwenye usonji, akiwa kijana alijitengenezea mashine ya kumbana mwili kwa sababu kukumbatiwa na watu kulikuwa kunamzidi, yeye alihitaji aishike swichi mwenyewe. Jifunze hapo: mtoto awe na uwezo wa kusema basi. Blanketi zito lisitumike kabisa kwa mtoto mchanga wala mdogo, kwa mkubwa muulize mtaalamu kwanza, wengi wanatumia kipimo cha karibu asilimia 10 ya uzito wa mtoto, na lazima aweze kulitoa mwenyewe. Kumsugua mtoto kwa brashi kama ulivyoona kwenye video usijaribu bila kufundishwa.

Akishazidiwa, acha kufundisha. Punguza maneno, punguza taa, ondoa watu, kaa karibu chini usawa wake, subiri. Hotuba na viboko wakati huo haviingii, mwili wake uko kwenye kujiokoa. Mtoto anayedeka anakuangalia kama unamuona na ananyamaza akipewa anachotaka, aliyezidiwa hata ukimpa kila kitu bado anaendelea.

Hatua ya 6: Nyumba ya ibada

Hapa ndipo wazazi wanapovunjika moyo na kuacha kwenda, na mimi naumia sana nikisikia familia imeacha ibada kwa aibu. Angalia mazingira yenyewe kwa masikio ya mtoto wako: spika kubwa, vifijo, mikono ya watu wasiojulikana ikimshika kichwa, manukato ya kila aina, ubani, taa, viatu vya kubana, na kuambiwa akae kimya. Viwango vya usalama kazini vinavyotumika sehemu nyingi vinasema decibeli 85 (decibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 ndio mpaka kwa mtu mzima, na muziki wa spika karibu na jukwaa unaupita huo kirahisi. Kwahiyo wakati mwingine mtoto anayeziba masikio yuko sahihi kuliko sisi.

Fanya hivi:

a) Mpeleke siku isiyo na watu. Azunguke, aguse kuta, ajue choo kiko wapi, ajue mtakaa wapi.

b) Ongea na kiongozi mapema, kabla halijatokea la kutokea. Maneno haya yanatosha: "Mchungaji, mwanangu sauti kubwa na kuguswa ghafla vinamuumiza mwili. Tutakaa nyuma karibu na mlango, tunaweza kutoka na kurudi. Naomba watu wasimshike bila kumuuliza. Tunakuja kwa sababu tunataka kuwa hapa." Kwa Muislamu muongeleshe imamu au ustadh wa madrasa vivyo hivyo. Mwalimu wa watoto muongeleshe peke yake, yeye ndiye atakayekuwa naye.

c) Kaa mbali na spika, karibu na mlango. Viziba masikio vile vya kufunika kama hedifoni vizoeshe nyumbani kwanza kwa mchezo. Tumia kwenye makelele tu, ukimvalisha kutwa nzima masikio yanazidi kuwa mepesi.

d) Anza na dakika chache. Ingia wakati wa sehemu anayoiweza, toka kabla hajazidiwa, mkiwa bado mnacheka. Ongeza taratibu. Kutoka mapema huku mtoto ana furaha ni ushindi mkubwa kuliko kukaa mpaka baraka ya mwisho huku mnalia wote.

e) Mpe kazi ya mwili: kupanga viti, kubeba vitabu, kupokea watu kwa kupunga mkono badala ya kushikana.

Mtu akikuangalia vibaya kumbuka Marko 7. Walimletea Yesu kiziwi mwenye utasi, na kabla ya kumfanyia chochote alimtoa kwenye umati, akampeleka pembeni peke yake. Aliona yule mtu umati haumfai. Na Waislamu wanayo ile hadithi iliyo kwenye Bukhari na Muslim, kwamba Mtume alikuwa akiingia kwenye swala akiwa na nia ya kuirefusha, akisikia mtoto analia anaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Mtoto alilia, na ibada ikabadilika kwa ajili yake. Mwambie hivyo anayekuambia umtoe mtoto nje.

Hatua ya 7: Maombi yako wewe

Mzazi wa mtoto huyu hana saa nzima ya kimya, asikudanganye mtu. Omba kwa vipande. Sentensi moja wakati unamvalisha, moja kwenye foleni ya kliniki, moja ukiwa umejifungia chooni. Zaburi za malalamiko zipo kwenye Biblia kwa sababu kulalamika mbele za Mungu kunaruhusiwa, Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini" na ina mistari sita tu, inakutosha kwa siku mbaya.

Eliya kwenye 1 Wafalme 19 alikuwa amechoka mpaka akaomba afe. Hakukemewa kwa imani ndogo. Alilala, malaika akamgusa, akala, akalala tena, akala tena, ndipo akatembea. Baadae upepo, tetemeko na moto vikapita na Bwana hakuwamo, akamsikia kwenye sauti ndogo ya utulivu. Kwahiyo kula na ulale. Mpe mtu mtoto kwa saa mbili bila kujiona mbaya.

Omba vitu vinavyotajika. Badala ya "mponye" peke yake, omba pia "leo anyolewe bila kuogopa", "mtaalamu aone tusichokiona", "nipe uvumilivu wa saa kumi na mbili jioni". Endelea kuomba uponyaji kama moyo wako unataka, hakuna anayekukataza, ila usimuombee mtoto kwa sauti juu ya kichwa chake kila siku kana kwamba yeye ni tatizo linalotakiwa kuondoka. Mshukuru Mungu kwa ajili yake akisikia, kwa jina, kwa kitu alichokifanya leo.

Sala na mtoto mwenyewe iwe ya mwili wake: kwenye bembea, kwa kutembea, kwa wimbo mmoja ule ule kila usiku, kwa picha. Kufumba macho na kukunja mikono sio sharti. Na mfungo ni wako mtu mzima, mtoto asinyimwe chakula wala dawa kwa ajili ya maombi.

Hatua ya 8: Maombi ya watu wengine, ya kupokea na ya kukataa

Pokea anayeuliza kabla ya kugusa, anayeomba kwa sauti ya kawaida, anayekuletea chakula, anayekaa na watoto wako wengine ukienda kliniki. Huyo mshike.

Kataa, tena bila kuomba radhi, ukiona lolote kati ya haya: anakuambia uache dawa au kliniki ili kuonyesha imani, anadai pesa au sadaka maalum kabla ya maombi, anataka mtoto abaki naye peke yake, anamshika kwa nguvu, anamfunga, anampiga, au anampa kinywaji au mafuta ya kunywa usiyoyajua.

Sio maneno ya kutishana. Mwaka 2003 huko Milwaukee, Marekani, mtoto wa miaka 8 mwenye usonji alikufa kwa kukosa hewa akiwa amekandamizwa sakafuni kwenye maombi ya kumtoa pepo. Na kuna familia huko Florida iliyojiita kanisa ikawa inauza klorini daioksaidi, ambayo ni blichi ya viwandani, kama sakramenti ya kutibu usonji na magonjwa mengine. Mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ilianza kuonya kuhusu kinywaji hicho tangu 2010, na mwaka 2023 wahusika wakafungwa jela. Jina la Mungu lilikuwa limeandikwa juu ya kitu kinachounguza utumbo wa mtoto.

Maneno ya kukataa: "Ahsante kwa upendo wako. Tuombee ukiwa hapo ulipo, mtoto haguswi." Ukishasema, simama kati yake na mtoto. Hudaiwi maelezo zaidi.

Makosa yanayojirudia sana

- Kusubiri "akikua ataacha" huku shule inakaribia. Wengine wanapunguza kweli, ila msaada wa mapema haumdhuru asiyeuhitaji.
- Kumlazimisha akizoee kinachomuumiza kwa kumshikilia. Anajifunza kukuogopa wewe. Kuzoesha kunafanyika polepole, yeye akiongoza.
- Kubadilisha mtaalamu kila mwezi.
- Kuweka nadhiri za aina ya "Mungu ukimfanya aongee nitafanya hivi", alafu kila wiki unamkagua mtoto kama amefikia. Anahisi anakaguliwa.
- Kuwasahau ndugu zake. Nao wapewe muda wao na ruhusa ya kusema wamechoka.

Ukikwama

*Mwenzi wangu hataki kwenda kliniki, anasema tuombe tu.* Usianzishe vita ya imani. Muombe kitu kimoja kidogo: kipimo cha masikio. Ni ngumu kukikataa. Alafu mpe daftari ajaze yeye siku tatu, anayeandika kwa mkono wake anaona mwenyewe. Ila zile dalili za haraka za hatua ya 3 hazisubiri makubaliano.

*Foleni ya mtaalamu ni ndefu sana.* Andikisha jina leo, uliza kama kuna orodha ya nafasi zinazoachwa, na endelea na hatua ya 5. Uliza pia kama wana mafunzo ya wazazi kwa kikundi.

*Hedifoni anazitupa.* Labda zinambana, labda mguso wake ndio unaomkera. Jaribu kofia laini inayofunika masikio, au mzibe wewe masikio kwa viganja, au kaa nje dirishani msikilize ibada kutoka hapo.

*Bibi anasema ni kudeka, tumpe fimbo.* Usimvunjie heshima, mpe kazi. Mwambie: "Mama, nisaidie kumuangalia akizidiwa, uniambie kilichotangulia ni nini." Bibi akipewa upelelezi mara nyingi anakuwa mtetezi wa kwanza. Fimbo hapana.

*Tulikuwa tunaendelea vizuri, ghafla amerudi nyuma.* Angalia kwanza ugonjwa, meno, choo, usingizi, mgeni nyumbani, kuhama, mwalimu mpya. Mara nyingi kuna sababu ya mwili au ya mabadiliko. Kama amepoteza maneno au uwezo wa mwili, daktari haraka.

*Nimeomba sana na sioni kitu, naona nimeishiwa imani.* Acha wengine waombe kwa niaba yako kwa muda. Wale watu wanne wa Marko 2 walimshusha rafiki yao kupitia paa, na imani iliyotajwa pale ni ya kwao waliobeba. Kama hulali, hula, au unawaza kwamba ni bora usiwepo, hilo ni la kumwambia daktari kwa ajili yako wewe, leo, hata kabla ya kliniki ya mtoto, na mtu yule wa orodha ya mwanzo mpigie sasa hivi akupeleke.

*Mtaalamu anadharau imani yangu.* Muulize yanayohusu mtoto, chukua kilicho kizuri, na kama dharau inazidi mpaka huwezi kuuliza maswali omba ubadilishiwe. Wapo wengi wanaoweza kukaa na mzazi anayesali bila shida yoyote, na ukimwambia mapema kwamba ibada ni sehemu ya wiki yenu anaweza kuiweka kwenye malengo, kwa mfano mtoto akae dakika kumi na tano akiwa na hedifoni zake, kisha mkalipime hilo wiki hii hii.